Mbuzi wa Taifa na Masega ya Lori

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara mbili gizani, kikatulia.

Zamani hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote za redioni. Alfajiri lori likianza kupanda kutoka bondeni, ardhi ilitetema kidogo, ukuta ukapokea, rafu ikafuata, mwisho kifuniko changu kikasema ti, ti. Malori mengine yalikichezesha vingine. Kuna lililokiburuza, kuna lililokigonganisha kama meno ya mtu mwenye homa. Lakini ti, ti, kisha kimya, huyo alikuwa Kitwana, mume wangu, baba yake Siwema. Hapo nilijifunga kanga, nikamvalisha mtoto viatu, nikabeba chakula, tukatoka kwenda kuonana naye barabarani, kwa sababu nyumbani alikuwa hafiki.

Kwa nini hafiki, nitaeleza. Nchi yetu ina utaratibu.

Jina la nchi silitaji. Si kwa uoga, jamani; ni kwamba jina liko kwenye kamati linabadilishwa. La zamani tumekatazwa kulitumia, na jipya hatujaambiwa. Itoshe kusema ni nchi ya mchanga. Tunauchimba bara, tunaupeleka bandarini, tunawauzia wageni. Wageni wanauosha, sisi tunaununua ukiwa safi na kuurudisha bara. Mheshimiwa Waziri wa Nguvu na Mwendo alitueleza kwamba hiyo ndiyo biashara ya pande mbili, na kwamba majirani zetu wana upande mmoja tu, maskini.

Ili mchanga usichelewe, ikatungwa Sheria ya Kutosimama. Lori la mchanga likishatoka bandarini halisimami mpaka bara, na likitoka bara halisimami mpaka bandarini. Dereva analala kwenye Kambi ya Usingizi wa Pamoja iliyoko kila mwisho wa barabara, ambako wanalala kwa filimbi na kuamka kwa filimbi. Atakayesimama njiani ananyang'anywa leseni kwa kosa la kukaidi maendeleo. Mimi sheria hiyo siilaumu. Aliyeitunga bila shaka alikuwa na mke anayeishi bandarini au bara. Sisi wa Kona Mbili tunaishi katikati.

Lakini sheria haikusema lolote juu ya kwenda polepole.

Kijiji chetu kiko kwenye mlima wa Magandi, na lori lililojaa mchanga uliooshwa, ambao bado unachuruzika maji, likiupanda mlima ule huenda mwendo wa mama aliyebeba mtoto. Kuanzia darajani hadi kona ya juu, yaani ya pili, unaweza kutembea nalo ubavuni, mkono umeshika mlango, ukaongea na mumeo kupitia dirishani. Huo ndio ulikuwa unyumba wetu, na wa wanawake wote wa Kona Mbili. Kila mmoja na lori lake. Pale tulipanga bati la jikoni. Pale tuligombana kuhusu mama yake, na tukapatana kabla ya kona ya pili, kwa sababu baada ya kona ya pili barabara inalala, anabadilisha gia, na lori linaondoka na hasira yako.

Siwema alipozaliwa nilimwinua dirishani, baba yake akampokea, akamshika kwa mkono mmoja hadi kona ya juu, akanirudishia. Tangu hapo kila baba akipanda mlima nilimwinua, naye alirudishwa kona ya juu ananuka dizeli. Kwa muda mrefu Siwema aliamini baba ni mtu anayeishia kifuani. Nilimwambia baba ana miguu kama sisi. Alinitazama kwa heshima tu, kama mtu anayesikiliza hotuba.

Viatu vyake vyekundu Kitwana alivinunua bandarini, akanidondoshea mkononi. Vilikuwa vikubwa. Akasema mtoto atavikuta akikua. Nikavishindilia vitambaa kwenye vidole, nikamvalisha hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa viatu vya kwendea kwa baba.

*

Mambo yaliharibiwa na mbuzi. Au tuseme yaliboreshwa na mbuzi, maana hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Mheshimiwa Waziri alimleta mgeni wa nje kuuona mlima na malori yanavyoushinda. Walikaa kwenye viti vyenye mapindo ya kitambaa, chini ya turubai. Lori likaja linapanda. Nyuma yake akaja jirani yangu Bi Chausiku na mbuzi wake jike mweupe, wanakwenda zao malishoni. Mbuzi akalipita lori. Akasimama kula kichaka. Lori likamfikia. Akamaliza, akalipita tena, na akiwa mbele akageuka kulitazama.

Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Akasema nchi hii ina mbuzi mwenye nguvu sana.

Jioni ile ile redio ilikatiza muziki. Mheshimiwa alikuwa na sauti ya mtu aliyekosewa adabu nyumbani kwake. "Ndugu wananchi," alisema, "lori lina mapafu, na lina pua. Wataalamu wangu wamechungulia ndani ya pua ya malori yetu wakakuta imezibwa. Imezibwa na masega. Nauliza, tangu lini gari likafuga nyuki?"

Kwa wasiojua, masega ni kile kichujio kilichomo ndani ya ekzosi, bomba la kutolea moshi. Mafundi wamekiita hivyo kwa kuwa kina vitundu vitundu kama vya nyuki, na kazi yake ni kuupunguzia moshi sumu kabla haujatoka. Mwalimu wetu wa darasa la jioni, tunakosoma sisi watu wazima, alikuwa ametueleza hayo kwenye somo la sayansi. Alipomsikia Mheshimiwa akatuambia tufute ukurasa ule, tukafuta.

Ikaamriwa masega yote yang'olewe, na ekzosi inyooshwe iwe bomba moja wazi, kutoka kwenye injini hadi angani, ili taifa lipumue. Mheshimiwa alimalizia kwa kusema ukimya ni dalili ya unyonge, na kwamba nchi yenye sauti ndogo huambiwa isogee pembeni.

Mafundi walipiga kambi darajani na grenda zao za kukatia chuma. Cheche ziliruka mpaka majirani wakaja kuota moto. Masega yaliyokatwa yakapakiwa kwenye magunia, yakapelekwa kwa shemeji yake Mheshimiwa yakahifadhiwe yasipotee. Nasikia ndani yake mna madini ya thamani, lakini hayo ni maneno ya watu. Ninachojua mimi ni kwamba yamehifadhiwa vizuri mno, maana hakuna aliyeyaona tena.

Na mbuzi naye akachukuliwa. Tume aliyoiunda Mheshimiwa ilisema hakuna nguvu bila kipimo, na kipimo pekee kilichothibitishwa mbele ya mgeni ni mbuzi wa Bi Chausiku. Akatangazwa kuwa Kipimo cha Taifa. Akajengewa zizi lenye vigae, akapewa mlinzi, pumba, mahindi na chumvi. Sheria ikasema ni kosa kumgonga Kipimo, kumpigia honi, kumfokea au kumsukuma. Bi Chausiku alipewa cheti. Aliwauliza cheti kinakamuliwaje. Wakapiga naye picha.

*

Sasa palihitajika kupima mngurumo. Wizara ikaajiri Mlalaji Rasmi, mtu mzima mwenye familia, analazwa kwenye godoro kando ya daraja. Lori likipita naye akaamka, limefaulu. Asipoamka, linarudishwa kwa mafundi likatobolewe zaidi. Kazi ile ilikuwa na posho na mto mpya. Basi Mlalaji akalala kwa uaminifu, malori yakapita, na haukupita muda akawa kiziwi kabisa, akawa analala fofofo kama mtoto aliyenyonya. Malori yote yakaanza kufeli. Yote yakarudishwa yakatobolewa. Mheshimiwa akampa Mlalaji nishani kwa kuinua viwango.

Hapo ndipo kifuniko changu kilipopoteza akili. Kiligonga asubuhi, kiligonga mchana, kiligonga lori likiwa bado ng'ambo ya mto. Hakuna tena ti, ti. Malori yote yalikuwa lori moja. Tulitoka mbio na vyakula, tukakuta si wetu. Jirani mmoja alimpa samaki wa nazi dereva asiyemjua. Yule naye akala, akamshukuru kwa kupunga mkono, na mume halisi akapita nyuma yake na njaa. Nilikiondoa kifuniko nikakiweka kitandani, upande wa Kitwana, nikakifunika na shuka. Nilikuwa nimechoka kusimama kila kinaponiita.

Nikaamua kungoja barabarani, mimi na Siwema, kwenye jiwe karibu na daraja, mpaka nimwone kwa macho. Siku nyingine tulingoja mpaka mtoto akachora barabara nzima vumbini kwa kijiti na kuifuta kwa mguu. Lori likija natembea nalo kama zamani, mkono mlangoni. Namwona Kitwana anafungua mdomo, anaufunga. Ananiona mimi nafungua, nafunga. Nilisema nimefaulu mtihani wa jioni. Akaitikia kwa kichwa. Nilisema paa linavuja. Akaitikia vile vile, anatabasamu.

Ningevumilia. Mimi ni mtu wa kutumaini, na redio ilisema haya ni ya mpito. Lakini ilikuwa wakati huo huo Siwema alipoanza kusema.

Alichelewa, mwanangu. Wenzake walikuwa wanatukana tayari, yeye ananyoosha kidole tu. Kitwana alikuwa akiuliza kila akipita, "Amesema?" nami najibu bado, naye anasema basi, atasema akiwa na la kusema. Ndipo jioni moja nimerudi kutoka darasani, nimesimama mlangoni nikivua kandambili, nikasikia sauti ndogo kutoka gizani inaniuliza taa iko wapi. Maneno yote matatu, yamenyooka. Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Tangu siku hiyo hakunyamaza. Alizungumza na ndoo. Alimweleza kuku kwa nini hawezi kuingia ndani. Nami nilicheka, nikageuka kumtafuta mtu wa kumwambia umesikia, na hapakuwa na mtu. Nikiwa napika nilikuwa naisimulia sufuria. Vitu vyote hivi mtoto alivisema mara moja tu, kwangu peke yangu, na mimi sikuwa na pa kuvipeleka.

Nilimwinua dirishani. Akakaa mapajani mwa baba yake, akamweleza jambo refu, mikono inakwenda huku na huku. Kitwana alimtazama mdomo, akacheka, akampa kipande cha muwa. Alidhani anatafuna.

*

Kuhusu nguvu yenyewe, sijui niseme nini. Malori yalipanda Magandi kwa mwendo ule ule, na mengine polepole zaidi. Madereva walieleza kwamba gari la siku hizi lina kompyuta, na kompyuta ikiona kitu chake hakipo inawasha taa ya njano na kuibana injini. Wizara ikasambaza vibandiko vya bendera, taa ya njano ifunikwe. Ikafunikwa.

Lakini kipimo kilisema vingine. Kila Ijumaa Kipimo alitolewa zizini akapandishwa mlima mbele ya lori, na kila Ijumaa lori lilizidi kumkaribia, maana pumba na mahindi yalikuwa yamekwisha kumfanyia kazi. Tumbo lilikuwa linagusa lami. Redio ikatangaza nguvu ya taifa imeongezeka maradufu, na kwamba wachumi wa nje wanakuja kujifunza. Bi Chausiku alikuwa akienda zizini kumwonea huruma kupitia wavu. Alirudi akaniambia, "Mwanangu, yule wameshamla akiwa hai."

Mimi nikatafuta njia yangu. Nilichukua ubao wangu wa darasa la jioni, nikaandika kwa chaki, herufi kubwa, kwa mwandiko niliosifiwa: MTOTO juu, ANAONGEA chini. Lori lilipofika nikauinua hadi dirishani. Kitwana akainama kusoma. Akasoma neno la juu. Hapo hapo wingu jeusi likashuka kutoka kwenye lori la mbele, likatumeza mimi na ubao, na lilipopita alikuwa ameshafika kona ya juu, ametoa kichwa chote nje, ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake.

Polisi wa barabara wakautaifisha ubao. Walisema ni bango lisilo na kibali, na wakaniuliza nani anayenifadhili. Nikasema Mungu. Wakaandika.

Safari iliyofuata Kitwana alipotokea alikuwa amekonda. Hata chakula hakupokea. Alinirushia mfuko, na ndani mlikuwa na dawa ya kifua, dawa ya minyoo, dawa ya macho na marhamu ya kuchua. Alikuwa hajui mtoto anaumwa nini, akanunua yote. Alikuwa ameendesha bara na kurudi, amelala kwa filimbi na kuamka kwa filimbi, na neno moja kichwani. Nilipiga kelele ni mzima, ni mzima, anaongea. Siwema naye alipiga kelele. Ekzosi ikajibu kwa niaba yetu sote.

Siku hiyo, kusema kweli, nilikaa kwenye jiwe mpaka mtoto akanivuta kanga.

*

Ikaja Sikukuu ya Nguvu. Viti vyenye mapindo vilirudi, turubai likarudi, na wageni safari hii walikuwa wengi. Lori lililochaguliwa kushindana na Kipimo mbele yao lilikuwa la Kitwana, kwa sababu bomba lake lilikuwa limepasuka na hakuna lililonguruma kulishinda. Sisi wanakijiji tulipangwa kando ya barabara tushangilie. Mimi nilijipanga kona ya pili, Siwema kiunoni, na viatu vyake vyekundu. Vitambaa vya vidoleni nilikuwa nimeshavitoa zamani.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema kuna mataifa yanayonong'ona na mataifa yanayonguruma. Alisema leo historia itatusikia. Halafu akaketi, akaziba masikio, na bendera ikashushwa.

Kipimo alikuwa amevalishwa utepe. Alitangulia, akatembea kwa shida hadi kona ya kwanza, akapumzika, akaendelea. Lori likamfuata likitikisa mlima. Alipofika kona ya pili, mbele yangu kabisa, alisimama katikati ya barabara, akakunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akalala. Akaanza kucheua.

Lori likafika. Halikuweza kusimama, maana kusimama ni kosa. Halikuweza kuendelea, maana kumgonga Kipimo ni kosa. Honi ni kosa. Kitwana akaliacha linaning'inia mlimani kwa klachi, haliendi wala halirudi, harufu ya kuungua ikatanda. Wakaja maofisa wanakimbia na vitabu vya sheria. Mmoja alisoma kifungu, mwingine akasoma kinachokipinga. Mheshimiwa mwenyewe alifika, akatoa agizo kwa ishara kwamba lori liendelee bila kusogea.

Ndipo Kitwana alipogeuza uso akatuona. Alimtazama Siwema, jinsi mdomo wake ulivyokuwa unafunguka na kufungika. Akavuta breki ya mkono. Akashika ufunguo, akazima injini.

Sijui kama mmewahi kusikia nchi nzima ikinyamaza. Mwanzoni masikio yalikuwa yanapiga yenyewe. Baadaye nikasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye mchanga, tone kwa tone, na mbuzi anatafuna. Nikasikia kitambaa cha turubai kikipepea. Mheshimiwa alishusha mikono kutoka masikioni taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia chumba asichokijua.

Ofisa alinong'ona waletewe mwenye mbuzi. Bi Chausiku akaja kwa mwendo wake, fimbo mkononi. Wakamwomba amwite mbuzi atoke. Alimtazama mbuzi, akamtazama Mheshimiwa.

"Nimwite kama nani?" akauliza. "Wangu mlimchukua. Huyu ni wa taifa, mimi tabia zake sizijui."

Akaketi kwenye jiwe lililokuwa kando ya mbuzi. Hakuna aliyethubutu kumfokea, kwa kuwa alikaa karibu mno na Kipimo, na kumfokea Kipimo ni kosa.

Mlango wa lori ukafunguka. Kitwana akashuka. Polisi mmoja alikwisha kunyoosha mkono kudai leseni, naye akampa bila kumtazama, akaja moja kwa moja hadi tulipo. Alisimama mbele yetu, mzima mzima, mrefu kuliko nilivyokuwa nakumbuka, na hakugusa mtu. Alikuwa anamkagua mtoto, macho, kifua, tumbo, anatafuta ugonjwa.

Nikamweka Siwema chini.

Siwema hakumtazama baba yake usoni. Alitazama miguu. Alianza na magoti, akashuka na suruali, akafika kwenye kandambili zilizoliwa kisigino, kwenye vidole vyenye vumbi la mchanga. Alivitazama vidole vile kwa muda, wageni wote wa nje wakingoja, Mheshimiwa akingoja, mbuzi akicheua. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Kitwana akachuchumaa.

"Baba," alisema Siwema, "viatu vinanibana."